Askari wa Ini

Kuku walianza kufa chumbani kwa Sipora Mkumbo mwezi ule ule bintiye alipompigia simu kumwambia ana mimba, ndiyo maana hakuwashughulikia sana. Furaha ina upofu wake. Alipomwokota wa kwanza alisema ni mdondo. Alipomwokota wa pili alimlaani muuza chanjo wa gulioni, yeye na vichupa vyake vya maji. Wa tatu alipokutwa miguu juu, Sipora alikaa ukingoni mwa kitanda akamtazama kwa muda mrefu, kwa sababu huyo alikuwa tetea wake wa mayai na walikuwa wakiongea kila jioni.

Msimcheke. Mtu wa Singida na kuku wake ni habari nyingine kabisa, na kule kambini, kwenye Visima vya Mlandala, hapakuwa na mwingine wa kuongea naye. Kila mvutaji wa maji alikuwa na nyumba yake ya chumba kimoja, na kila nyumba ilijengwa mbali na nyingine, hata ukitaka kuazima chumvi kwa jirani ilibidi uvae viatu kwanza. Waliambiwa ni tahadhari ya moto. Hawakuruhusiwa kukaa na mume, mke wala mtoto, na hilo nalo waliambiwa ni tahadhari. Sipora, mjane, alilala na kuku chini ya kitanda, na asubuhi aliwasalimia kabla hajanawa uso.

Kilichomshtua ni kuku wa bandani. Hao walikuwa wakichakura mashudu ya alizeti nje ya mlango, wanene, wagomvi, hawana hata mafua. Mdondo haubagui namna hiyo. Akachukua kisu akampasua tetea wake pale pale kizingitini. Firigisi ilikuwa nzuri, moyo nao mzuri. Ini lilikuwa na rangi ya udongo mkavu, lina madoa meupe, na alipolishika lilimeguka vidoleni.

Ini la namna hiyo alikwisha kuliona. Walionyeshwa picha yake walipoanza mafunzo, ila lile la pichani lilikuwa la mtu.

*

Tamutamu ndilo jina ambalo wavutaji waliipa sumu ya visima vile. Zamani za babu zao, kiwanda kimoja kilikuwa kikisafisha vipuri vya mitambo kwa kiyeyushi chenye harufu tamu, na kiyeyushi kikichakaa kilimwagwa mashimoni. Ardhi ilinyamaza. Ilimeza yote ikayashusha mpaka mwambani, na huko yakakutana na maji ambayo wajukuu walikuja kuyachimba. Sasa mitambo iliyavuta maji hayo juu, ikayachuja, ikayapeleka mjini na vijijini. Kazi ya mvutaji ilikuwa kusimama mdomoni mwa kisima akibadilisha machujio yaliyolewa sumu. Barakoa zilizuia mengi. Hazikuzuia yote, na yaliyopita yalikwenda moja kwa moja kwenye ini.

Ini lina kosa moja, nalo ni bidii. Tamutamu ingeweza kupita mwilini kama msafiri asiye na ugomvi na mtu, lakini ini haliwezi kuona kitu kigeni likakiacha. Hukikamata, hukivunja, na vile vipande ndivyo vinavyounguza. Kisha seli za ulinzi zilizomo ndani ya ini lenyewe huona moshi, hupandwa na hasira, na katika kumfukuza adui huichoma nyumba yao wenyewe. Wavutaji wa mwanzo walikufa hivyo, macho ya njano, matumbo yamejaa maji.

Kinga ilipatikana kwenye kitu kidogo sana. Katika asidi amino zote zinazojenga mwili, ndogo kuliko zote ni glisini, ile iliyojaa kwenye ngozi na kano, ile inayoifanya supu ya makongoro igande ikipoa. Glisini huzituliza zile seli zenye hasira. Wataalamu wakaichukua, wakaifinyanga upya, wakaotesha tezi ndogo kama punje ya haragwe na kuipandikiza chini ya ubavu wa kila mvutaji. Tamutamu ikiingia kwenye damu, tezi huachia glisini yake, na glisini hii mpya ilifanya zaidi ya kutuliza. Ililiambia ini likunje mikono, lisiiguse sumu kabisa.

Tezi hiyo ilikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Wavutaji waliiita Askari. Tangu Askari ashike lindo hakuna mvutaji aliyezikwa kwa sababu ya ini, na walimsifu kwa nyimbo wakiwa kazini. Hakuna aliyeuliza sumu iliyokataliwa na ini inakwenda wapi.

*

“Shikamoo, mama Eliwaza,” alisema Daktari Shilla, kijana wa Kiomboi aliyewatunza wavutaji wote wa kambi.

“Marahaba, daktari. Nimekuletea kuku.”

Daktari akachangamka, maana mshahara ni mshahara lakini kuku wa kienyeji ni kuku wa kienyeji. Akafunua kikapu. Tabasamu likamfifia.

“Alikuwa analala wapi?”

“Chini ya kitanda changu.”

“Na wale wa nje?”

“Wazima. Jana wamemdonoa mbuzi wa watu.”

Daktari aliinuka akafunga mlango, kisha akafunga na dirisha, halafu akaonekana kama aliyekumbuka kitu, akalifungua tena dirisha lote na kusogeza kiti chake karibu nalo. Hapo Sipora akajua kwamba huyu kijana hashangai. Alipewa mrija wa kioo apulize. Akapuliza. Kile kioo kilichotakiwa kubaki cheupe kiligeuka kikawa chekundu, na daktari akakiweka mezani bila kukitazama.

“Ini likikataa sumu, sumu haipotei,” alisema. “Inajificha kwenye mafuta ya mwili. Kisha inatoka polepole kwa pumzi. Ukiwa uwanjani haina neno, upepo unaichukua. Ila ndani ya chumba kilichofungwa, usiku kucha, kwa asiye na Askari…”

“Ndiyo maana nyumba zetu ziko mbalimbali.”

“Ndiyo, mama.”

“Mkatuambia ni moto.”

“Mama, sisi tulipewa kazi ya kulinda ini. Hakuna aliyetuuliza habari za nyumba.”

Sipora alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Akaeleza kwamba Eliwaza anakuja kujifungua. Mimba ya kwanza. Hakuhitaji kuongeza neno, kwani daktari naye alizaliwa na mtu. Mimba ya kwanza inarudi kwa mama. Bibi ndiye anayelala chumba kimoja na mzazi na kichanga chake, ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, na katika ukoo wa akina Mkumbo ndiye anayemtia mtoto jina. Hulichagua jina peke yake na halitamki kwa mtu. Sikio la kwanza kulisikia ni la mtoto mwenyewe, bibi amelinong'ona ndani ya sikio hilo, mdomo umegusa.

“Mwambie aende kwa wakwe zake,” alisema daktari.

“Wewe mama yako alikuzaa kwa wakwe?”

Daktari akainama.

“Basi mzime huyu Askari,” Sipora akasema. “Mlaze, afe, vyovyote.”

“Nikimlaza leo, ini lako litaamka na njaa ya miaka yote. Litakuta sumu imejaa mwilini, na wewe unajua tabia yake. Litaifanyia kazi yote. Huenda ukabakiwa na kipande cha kukutosha, baada ya miezi pumzi yako ikawa safi kama ya mtu yeyote. Huenda usibakiwe na kitu. Siwezi kukudanganya, naona ni nusu kwa nusu.”

“Na nikimwacha?”

“Utaishi mpaka meno yaishe. Lakini hata ukiacha kazi leo, utaendelea kuitoa miaka mingi. Mafuta hayana haraka.” Kisha akashusha sauti. “Na tafadhali, usimwambie mtu. Wakijua, nani atabaki visimani? Pampu zikisimama, mji mzima utarudi kunywa tamutamu. Watoto wa watu wengine, mama.”

Hilo la mwisho lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Sipora alibeba kikapu chake akarudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa ameomba kazi hii mwenyewe baada ya kufiwa na mume, ili Eliwaza asome, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Jioni hiyo aliwatoa nje kuku waliobaki, akafunga mlango. Chumba kilikuwa kimya mno. Alijisikia akipumua, akaona haya peke yake.

*

Alichokifanya baadaye hakikuwa cha akili, lakini mapenzi ya mzazi hayajawahi kusifika kwa akili. Alimpigia Eliwaza kule Babati akamwambia asije.

“Nyumba ni ndogo, mwanangu. Na kuku wanaumwa.”

“Kwa hiyo kuku wana mama, mimi sina?”

“Nenda kwa wakwe zako, Eli. Watakutunza vizuri.”

Hapo Sipora akafahamu amesema nini. Kwao, mama akimwambia binti mwenye mimba ya kwanza aende akazae kwa wakwe, amemwambia kwamba ana kinyongo naye. Na uchungu wa kuzaa wa mtu aliyewekewa kinyongo na mama yake haufunguki. Kila mkunga wa pande zile atakuapia hivyo, hata aliyesoma. Sipora aliitazama simu mkononi. Angeweza kupiga tena na kusema kweli. Hakupiga. Aliona afadhali achukiwe na mtoto aliye hai.

Binti naye alikuwa na damu ile ile ya ukaidi. Hakwenda kwa wakwe. Wiki iliyofuata, Sipora akiwa amerudi kutoka kisimani, aliona pikipiki ikisimama nje ya uzio, na Eliwaza akishuka, tumbo liko mbele, mkono mmoja kiunoni. Mkono mwingine umeshika kibuyu kilichozibwa kwa majani.

“Simama hapo hapo!” Sipora alipiga kelele.

Eliwaza alisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Halafu akapiga magoti mchangani, na tumbo lile, na kumshuhudia mjamzito akipiga magoti ni kitu ambacho huombi ukione.

“Shikamoo, mama. Sijui nimekukosea nini. Nimefikiri njia nzima sijajua. Nimeleta maji.” Akakinyoosha kibuyu juu ya uzio. “Chukua unipulizie, utoe kinyongo. Ukishanipulizia nitaondoka, sitakusumbua. Ila nisiende kuzaa hivi, naogopa.”

Sipora aliyajua maji hayo. Unayatia kinywani, unasema moyoni kwamba umesamehe, kisha unayapuliza usoni na tumboni mwa mwanao, na kinyongo kimekwisha. Yeye mwenyewe alipuliziwa na mama yake. Hapakuwa na dawa nyingine ya jambo hilo, na hii iliyopo ilikuwa pumzi yake. Alirudi nyuma, akazunguka mpaka upepo ukawa unampiga usoni, ukitoka kwa Eliwaza kuja kwake. Bintiye alimwona mama yake akimkimbia.

“Mama, hata maji?”

Basi akamwambia yote. Alisema kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita ng'ombe, maana alikuwa mbali: tamutamu, Askari, tetea, mrija uliogeuka mwekundu. Mwendesha pikipiki alisikia. Asiyehusika naye alisikia. Siri ya daktari iliishia pale uzioni, na Sipora hakuijutia hata kidogo.

“Sina kinyongo nawe, mwanangu. Sijawahi. Ni hii pumzi yangu,” alisema. “Lakini kuna njia. Wanaweza kumlaza huyu Askari. Baada ya miezi nitakuwa safi, nitakuja nikae nawe, nimlee mtoto.”

“Na ini?”

Sipora aligusa ubavu wake, pale alipopandikizwa Askari.

“Mama. Na ini lako?”

“Nusu kwa nusu.”

Eliwaza aliinuka, akijishika magoti. Alilia waziwazi, wala hakujipangusa. “Mimi sikuja kukuzika,” alisema. “Nilikuja unipulizie maji. Huyo mtoto nitamwambia nini? Kwamba bibi yake alikufa ili ampakate? Muache Askari wako. Nakutaka hai, hata kama uko kule ulikosimama.”

“Kule nilikosimama ni mbali, Eli.”

“Najua.”

Kisha binti akafungua kibuyu mwenyewe. Akajitia maji kinywani, akajipulizia kifuani na tumboni, kwa niaba ya mama yake, jambo ambalo hakuna mila inayolijua. Waliangaliana. Sipora aliitikia kwa kichwa, ingawa hakujua kama imekubalika huko juu.

*

Kesho yake Sipora aliwaambia wenzake wakiwa kisimani. Wengine walikaa chini. Mmoja alikumbuka mke aliyekuwa akija kumtembelea kwa siri, akaondoka mbio bila kuaga. Wawili waliacha kazi. Waliobaki walivaa barakoa zao wakarudi kwenye machujio, na daktari, aliyekuwa amejificha ofisini akisubiri ghasia, alitoka akakuta pampu zinaunguruma kama kawaida. Aliogopa bure. Mtu asiye na mahali pa kupeleka pumzi yake haondoki.

Eliwaza alijifungulia kwenye zahanati ya kijiji, karibu na kambi. Uchungu ulifunguka vizuri. Sipora alikuwa nje ya ua, upande unakokwenda upepo, ameegemea nguzo, akisikia kila kelele na kila wito wa “mama!” uliotoka dirishani. Mkunga ndiye aliyekanda. Mkunga ndiye aliyepokea. Kilio chembamba kiliposikika, akina mama wa kijiji walipiga vigelegele. Sipora alipiga chake peke yake, kuelekea mashambani.

Siku ya jina ilikuwa na jua na upepo mkali, upepo ule wa Singida unaozungusha mapangapanga ya mitambo ya umeme kule kwenye miamba. Eliwaza alitoka na mtoto uwanjani, akasimama upande wa juu wa upepo. Sipora alisimama upande wa chini. Walikuwa wamepatana kwa simu namna ya kufanya, na hata sasa Sipora alikuwa akijiambia kwamba jina ni kitu kidogo. Ni neno moja.

Alitoa pumzi yote iliyokuwamo. Akavuta mpya, kubwa, akafumba mdomo, akabana pua kwa vidole, akapanda kuelekea kwa mwanawe. Alitembea bila kukimbia, maana kukimbia kunamaliza pumzi. Alipofika aliachia pua akanyoosha mikono. Eliwaza akamwekea mtoto.

Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyotazamia. Wa kike, uso umekunjamana, nywele zimelala kwenye paji zikiwa bado laini. Alikuwa na joto jingi. Sipora hakuwa amemshika mtu yeyote tangu ahamie kambini, na mikono ilikumbuka yenyewe namna ya kupakata. Aliinamisha kichwa mpaka midomo ikaligusa sikio dogo. Jina lilikuwa tayari, la mama yake aliyemzaa, amelitunza tangu simu ile ya kwanza.

Midomo haikufunguka. Alijua wakati huo, na pengine alikuwa akijua siku zote, kwamba hakuna neno linalotoka bila pumzi, na kwamba hata neno moja lingeingia kwenye sikio lile likiwa na kile kilichomuua tetea. Alilishikilia jina kinywani. Kifua kilianza kuuma. Mtoto aligeuza uso, akaufikicha kwenye shavu la bibi yake akitafuta ziwa. Sipora alibaki hivyo mpaka macho yakaona giza pembeni, na hata hapo alibaki kidogo zaidi.

Akamrudisha mikononi mwa Eliwaza. Akageuka, akashuka na upepo, sasa anakimbia kweli, mpaka alipofika mbali kabisa ndipo akapumua. Alikohoa, akalia, akakaa chini. Alipopata nguvu aliinuka akawageukia.

“Mbula!” aliita. “Anaitwa Mbula!”

Upepo ulikuwa usoni mwake. Uliibeba pumzi yake ukaipeleka nyuma, mbali na mtoto, kama walivyotaka, na sauti nayo ukaibeba huko huko. Kule juu Eliwaza aliweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa kwamba hajasikia.

Sipora aliita tena, kwa nguvu zote za kifua alizokuwa nazo.

Eliwaza akamkumbatia mtoto, akasogea mbele hatua moja apate kusikia. Sipora akarudi nyuma hatua moja.